Zijaribuni Kizimbani kwanza: barua ya wazi kuhusu mbolea tunazouziwa Unguja

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo Zanzibar, wakuu na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Kizimbani, na maofisa wa Taasisi ya Viwango Zanzibar,



Nakuandikieni kutoka Jang'ombe, Ng'ambo. Konde langu liko Bumbwisudi. Kama wakaazi wengi wa mitaa hii, kuanzia Kikwajuni hadi Magomeni, nalala mjini lakini riziki yangu inatoka shamba. Nina ombi moja, na nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maelezo. Kila mbolea inayoletwa kisiwani, iwe ya kuuzwa dukani au ya kugawiwa kwa ruzuku, iwe ya polo, ya chupa au ya pakiti, ijaribiwe kwanza kwenye udongo wetu. Matokeo yake, mazuri na mabaya, tuambiwe hadharani, kwa Kiswahili, bidhaa ikitajwa kwa jina lake.

Naomba hivyo kwa sababu ya ninachokiona kwenye rafu za maduka ya pembejeo, kuanzia Darajani hadi Mwanakwerekwe. Urea, DAP na NPK bado zipo, lakini zimezungukwa na ndugu wengi wapya. Kuna mabusta ya kila rangi, ya kukuza majani, ya kushikisha maua, ya kunenepesha matunda. Kuna asidi ya humiki, nyeusi ti, inayosemwa inafufua ardhi iliyochoka. Kuna mbolea za maji zilizotengenezwa kwa mwani, pakiti za bakteria wa kupakaa kwenye mbegu, mboji ya kufungashwa na mbolea ya minyoo. Vibandiko vingi vimeandikwa Kiingereza kwa herufi za kusomwa kwa miwani, na vingine lugha ambayo hata muuzaji hawezi kuitamka. Mama aliyekuja kutafuta dawa ya tungule zake zilizogeuka manjano anauliza, "Mwanangu, hii ndiyo yenyewe?" Kijana wa dukani anajibu ndiyo, maana wateja wengi wanaichukua. Simlaumu kijana huyo. Hana pengine pa kuuliza.

Anayelima robo eka hana nafasi ya kukosea mara nyingi. Akinunua chupa asiyoijua amefanya jaribio, kwa pesa yake, kwenye konde lake pekee, na bila ya kutenga hata matuta mawili asiyoyatia kitu ili apate kulinganisha. Mvua ikija vizuri ataisifu chupa. Mvua ikikata ataisahau chupa na kuilaumu mvua. Msimu unapita, hakuna aliyejifunza, na mzigo mwengine umeshaagizwa. Wakulima wa kisiwa kizima tunafanya majaribio kila masika na kila vuli, lakini hakuna anayeyaandika.

Nyinyi wa Kizimbani mnaijua ardhi hii kuliko mimi, lakini naomba niieleze kwa ajili ya wasomaji wengine wa barua hii. Unguja ni kisiwa kidogo chenye ardhi zisizofanana hata kidogo. Upande wa magharibi na katikati kuna kinongo, udongo mwekundu wenye kina, ndio uliobeba mikarafuu, minazi na viungo. Kuna mchanga, ambao maji yanaupita kama hayakutiwa. Mabondeni, Cheju, Kibokwa, Mtwango, kuna kinamo kizito kinachoshika maji, na ndiko kwenye mpunga. Halafu mashariki na kusini kote ni uwanda: mawe ya matumbawe, na udongo kidogo uliojificha kwenye mifuko ya mawe, ambamo watu wamelima muhogo, mtama, kunde, pilipili na tungule tangu enzi za mababu. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wa udongo wa Zanzibar mwaka 1955 waliyachukua majina haya haya kutoka kwa wakulima, na mpaka leo hayajapatikana bora zaidi.

Mbolea ile ile moja ina tabia nne kwenye ardhi hizi nne. Chukueni urea, ambayo ndiyo tunayoijua zaidi. Ukiimwaga juu juu kwenye uwanda, ambako udongo una chokaa nyingi, halafu usiifukie na mvua isinyeshe, sehemu kubwa inageuka hewa ya amonia na kupotea. Ile harufu kali inayokuwasha pua ndiyo pesa yako inayoondoka. Kwenye mchanga inayeyuka vizuri, kisha mvua moja kubwa ya masika inaishusha chini ya mizizi, kwa hivyo lazima igawanywe kidogo kidogo. Kwenye kinamo kilichosimama maji, ukiitupa juu ya maji inapotea kwa njia nyingine. Ndiyo maana Bangladesh wakulima wengi wa mpunga wamefundishwa kudidimiza vidonge vya urea kwenye tope, kiasi cha sentimita saba hadi kumi chini, katikati ya mashina manne. Njia hiyo inafaa pale maji yanapotawalika. Kwenye bonde linalotegemea mvua tu inahitaji kuangaliwa upya. Kwenye kinongo, urea ikitiwa baada ya palizi na kufukiwa, inafanya kazi iliyokusudiwa.

Fosfeti nayo ina kisa chake. Bara kuna mawe ya fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, na unga wake umesaidia mashamba mengi yenye udongo wenye tindikali, kwa sababu tindikali ndiyo inayouyeyusha. Mkulima wa Makunduchi au Jambiani akiusikia unasifiwa redioni akaununua kwa ajili ya uwanda, ametia mawe juu ya mawe. Kwenye udongo wenye chokaa unga ule hauyeyuki. Hata ile fosfeti ya DAP, inayoyeyuka upesi, ikifika uwandani inakamatwa na kalisi na kufungwa. Bidhaa zote mbili ni za kweli na zimepimwa. Zimepimwa kwengine tu.

Kuna na lile ambalo halimo kabisa ndani ya polo. Urea ina naitrojeni peke yake, DAP ina naitrojeni na fosfeti. Hakuna potasiamu hata chembe kwenye mifuko hiyo miwili. Na sisi tunakula muhogo, ndizi na nazi, mazao yanayochota potasiamu kwa wingi na kuondoka nayo kila tunapovuna. Watu wazima wa Dole na Kizimbani walimwaga majivu ya makumbi kwenye mashina ya migomba, na majivu hayo yamejaa potasiamu. Hapana shaka waliona tofauti kwa macho yao. Basi msaada wa urea na DAP mwaka baada ya mwaka kwenye ardhi inayolilia potasiamu unampa mkulima majani mazuri na muhogo mwembamba, kisha anaambiwa ni mvivu.

Naomba nikae kidogo kwenye chupa za busta, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za wakulima wadogo zinapokwenda siku hizi. Hesabu yake haihitaji maabara. Polo moja la urea la kilo 50 lina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Chupa ya lita moja ikiwa imeandikwa kuwa ina gramu 100 za naitrojeni, utahitaji chupa 230 ili upate naitrojeni ya polo moja. Tani moja ya mpunga inachota ardhini baina ya kilo 15 na 20 za naitrojeni. Kwa hivyo anayeambiwa kuwa lita moja ya kupulizia itatosha badala ya mbolea ya chini anadanganywa, hata kama kilichomo kwenye chupa ni kile kile kilichoandikwa. Majani yatang'ara kwa wiki moja, maana mmea umeonja kitu. Njaa yake iko pale pale.

Hata hivyo sitaki mtu aisome barua hii akadhani nasema mabusta yote ni maji ya rangi. Zinki, chuma, boroni na manganizi mmea unavihitaji kwa kiasi kidogo mno, gramu mia chache kwa hekta nzima. Kwenye uwanda, chuma na zinki vimo ardhini lakini chokaa imevifunga. Kwenye mabonde ya mpunga yaliyolala maji, upungufu wa zinki ni jambo linalojulikana duniani kote. Katika hali hizo chupa ndogo inayopuliziwa kwenye majani inaweza kufanya kazi ambayo mapolo kumi ya urea hayataifanya. Kwa hivyo chupa inaweza kuwa dawa kwa shamba la Kizimkazi na kuwa hasara tupu kwa shamba la Mwera. Ni nani wa kumwambia mkulima kuwa yeye yuko upande gani, kama si nyinyi?

Pakiti za bakteria nazo zimeingia kwa kishindo, na hapa dunia ina la kutufundisha. Bakteria aina ya raizobia huishi kwenye vifundo vya mizizi ya jamii ya kunde na kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Elimu hii si ya uongo wala si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza chanjo ya aina hiyo iliyoitwa Nitrosua, na Kenya wana Biofix. Kwenye soya, zao geni lisilo na bakteria wake katika ardhi nyingi za Afrika, pakiti nzuri inaonyesha faida waziwazi. Lakini kunde, choroko na njugu mawe zetu hazichagui sana. Zinapatana na bakteria ambao mara nyingi wamo tayari kwenye udongo unaolimwa mazao hayo, na wageni unaowaleta kwa pakiti huwa wanashindwa na wenyeji. Kabla ya kununua, mkulima wa kunde ang'oe mche mmoja taratibu wakati wa kutoa maua, akate kifundo kwa ukucha na kutazama ndani. Kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wanafanya kazi na pakiti haina haja. Kikiwa cheupe au kijani, pana tatizo. Haya bwana shamba anaweza kuyaonyesha kwa nusu saa chini ya mwembe, bila ya senti moja.

Na pakiti zenyewe zina nini? Kuanzia mwaka 2009 watafiti waliokuwa katika mradi ulioitwa COMPRO walikusanya bidhaa nyingi mpya za kurutubisha udongo zilizokuwa zikiuzwa Afrika na kuzipima maabara na mashambani. Awamu yake ya pili iliifikia na Tanzania. Mwaka 2015 baadhi ya watafiti hao walichapisha matokeo ya kuchunguza bidhaa 65 za vijidudu. Asilimia 37 tu ndizo zilizoonekana safi. Zilizobaki zilikuwa zimechanganyika na vijidudu visivyotarajiwa, na nyingi katika hizo hazikuwa na yule bakteria aliyetajwa kwenye kibandiko hata mmoja, ila wavamizi watupu. Bakteria ni kiumbe hai. Akisafiri ndani ya kontena, akakaa bandarini Malindi, kisha akaanikwa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la kaskazi, anakufa, hata kama kiwandani alitoka mzima. Kwa hivyo haitoshi kupima kile anachokileta muagizaji ofisini kwenu kikiwa kipya. Kachukueni pakiti dukani, ile iliyobaki kwenye rafu tangu msimu uliopita, mkaipime hiyo.

Kazi hiyo hakuna wa kutufanyia Bara, kwa sababu kilimo si jambo la Muungano. Mamlaka ya kudhibiti mbolea ya Bara, TFRA, iliundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na sheria hiyo ni ya Bara. Mpango wa ruzuku wa Bara, ule ulioshusha bei ya polo la DAP na la urea hadi shilingi 70,000 mwaka 2022 wakati vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, nao ni wa Bara. Uamuzi kuhusu kinachoingia kwenye makonde ya Unguja na Pemba uko kwenye meza zenu, na hakuna mwengine wa kumtazama.

Jirani zetu wa Kenya walionja machungu mwaka 2024. Mifuko ya mbolea ya ruzuku iliyopitia maghala ya bodi ya nafaka ya taifa ilionekana kuwa chini ya kiwango, baada ya waandishi wa habari kuichunguza. Mingine ilisemwa kuwa ni vumbi la mawe. Wakulima walikuwa wameshapanda. Waziri wa kilimo alifikishwa mbele ya kamati ya Bunge kwa hoja ya kuondolewa. Kamati ikaona madai hayakuthibitika na akanusurika, lakini mahindi hayakungoja kamati imalize. Serikali ilisema itawafidia wakulima. Msimu haufidiki.

Na wale wanaosema dawa ni kuachana na mbolea za viwandani mara moja, watazame kisiwa chenzetu cha Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali yake ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani, nchi nzima, bila ya kuwaandaa watu. Uzalishaji wa mpunga uliporomoka, nchi iliyokuwa ikijilisha ikaagiza mchele, na kabla ya mwaka kwisha marufuku ikaanza kuondolewa. Lakini kuna kipande cha kisa hicho ambacho hakisimuliwi sana. Meli ya mbolea ya mboji kutoka China ilipofika, maafisa wa karantini walipima sampuli, wakasema wamekuta bakteria wanaoweza kuharibu mimea, na meli ikakataliwa kushusha shehena. Mgogoro ukawa mkubwa. Hata hivyo waliopima walisema walichokiona, juu ya kuwa wakubwa walikuwa wakiisubiri meli ile kwa hamu. Watu wa namna hiyo nawataka wawepo katika bandari yetu ya Malindi.

Mimi mwenyewe nina mapenzi na samadi na mboji, na naamini ndiko tunakopaswa kuelekea. Udongo wenye mboji unashika maji wakati wa jua, unashika mbolea ya polo isikimbie, na unatulia. Kisiwa hiki kiliwaondoa mbung'o kabisa, kazi iliyothibitishwa mwaka 1997 kwa njia ya kuwaachia madume wasiozaa, na tangu hapo ng'ombe wanaweza kufugwa mahali ambapo zamani walikufa kwa maradhi ya nagana. Wafugaji wa kuku wamejaa Ng'ambo na pembezoni mwake, na mbolea ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, ila mbichi inaunguza miche. Masoko ya Mwanakwerekwe na Darajani yanatupa kila siku maganda ya ndizi, mabua, majani na matumbo ya samaki. Kiasi kikubwa kinapakiwa kwenye magari na kupelekwa jaa la Kibele, pamoja na mifuko ya plastiki, chupa na betri. Rutuba inatoka mashamba kuja kulisha mji, mji unaila, kisha inazikwa Kibele. Haya ni mambo ya kuumiza moyo. Watu wa Zanzibar tulikuwa 1,303,569 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Walioongezeka wanakula, na nyumba zao zimesimama Fuoni, Tomondo na Kianga, juu ya ardhi iliyokuwa ikilimwa. Ardhi inapungua na jaa linanenepa.

Lakini samadi nayo ipimwe. Tani moja ya samadi mbichi ya ng'ombe ina takriban kilo tano za naitrojeni, na iliyoanikwa jua na kunyeshewa miezi mitatu ina pungufu ya hapo. Ya kutosha eka moja ni tani kadhaa, na gari la kuzibeba kutoka Jumbi hadi Bumbwisudi halitembei bure. Mboji ya taka za mji inaweza kubeba madini mazito na vigae vya chupa. Mwani uliotupwa na bahari ufukweni Paje ni mali, lakini chumvi yake iondolewe kwanza kwa mvua. Mambo haya mpaka sasa tunaambizana kwa mdomo, na kila mtu na lake. Nayataka kwenye karatasi yenye muhuri wa Kizimbani, kwa kilo na kwa shilingi.

Liko na suala la maji, nalitaja kwa sababu linawahusu hata wasioshika jembe. Unguja tunakunywa kutoka chini: visima, na chemchemi kama za Mtoni na Bububu zilizounywesha mji tangu zama za Sayyid Barghash. Mawe ya matumbawe yana matundu na mapango, na kinachomwagwa juu kinashuka upesi. Naitrojeni isiyochukuliwa na mmea inateremka kuwa naitreti kwenye maji hayo hayo, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwa kuhofia zaidi watoto wachanga. Mbolea iliyotiwa kwa kubahatisha inapotea mara mbili, mfukoni mwa mkulima na kwenye ndoo ya mama aliyejifungua.

Mnaweza kuuliza, mkulima huyu anataka kazi kubwa kiasi gani? Siyo ya ajabu, na mmeshafanya kubwa kuliko hiyo. Kizimbani ndiko ilikotoka mbegu ya mpunga ya Supa BC, iliyotolewa mwaka 2011 baada ya miaka ya uvumilivu pamoja na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Waliomudu kuipata mbegu ile, na waliowamaliza mbung'o, hawawezi kushindwa kuipima chupa ya busta.

Tengeni vitalu katika ardhi zote nne: kinongo, mchanga, kinamo na uwanda. Kila bidhaa iwekwe karibu na kitalu kisichotiwa kitu, na karibu na kingine kilichotiwa samadi au urea ya kawaida kwa thamani ile ile ya pesa. Msipime mavuno peke yake. Pimeni na faida, kwa bei ya soko la siku ile, kwa sababu bidhaa inaweza kuongeza tungule na bado ikamtia mkulima hasara. Rudieni masika na vuli, kwa sababu msimu mmoja unaweza kusema uongo. Na vitalu visiwe nyuma ya ukuta wa taasisi pekee. Tangu mwaka 2007, kupitia miradi iliyosaidiwa na IFAD, visiwa hivi viliunda vikundi vingi vya skuli za wakulima, ambamo watu hukutana shambani na kulinganisha kwa macho yao. Viamsheni vikundi hivyo. Mabondeni walimaji wengi wa mpunga ni wanawake, basi wawepo tangu siku ya kupima ardhi kwa kamba, na wasiitwe siku ya picha.

Tunataka kupimiwa udongo karibu nasi, kwa bei ambayo mwenye robo eka anaimudu, na majibu yaje kabla ya mvua. Kijiti cha kupimia tindikali ni kitu kidogo. Kila bwana shamba na bibi shamba angekuwa nacho, yule mkulima wa uwandani asingenunua unga wa mawe. Kibandiko kiandikwe Kiswahili, kwa herufi za kuonekana, kikitaja kilichomo kwa kilo au gramu, tarehe ya kutengenezwa, na zao na udongo uliothibitika. Bidhaa isiyo na maelezo hayo isikae kwenye rafu.

Na matokeo myatangaze. Yasomwe ZBC Redio wakati ambao wakulima wako nyumbani, yachapwe Zanzibar Leo, yabandikwe kwa sheha wa kila shehia, na bidhaa zilizoshindwa zitajwe kwa majina sawasawa na zilizofaulu. Najua hapa ndipo patakapokuwa pagumu, kwa sababu nyuma ya kila chupa kuna muagizaji mwenye leseni na pengine mwenye jamaa. Lakini mama wa tungule za manjano naye ni raia mwenye haki, na hana jamaa huko juu. Muagizaji asiyeridhika aombe jaribio lirudiwe mbele yake.

Kwenye maonyesho yajayo ya wakulima ya Nane Nane pale Dole, wekeni banda moja lisilouza kitu chochote. Ndani yake iwemo meza yenye bidhaa zote zinazouzwa Unguja kwa wakati huo, na mbele ya kila moja karatasi ya matokeo ya udongo wa kinongo, mchanga, kinamo na uwanda. Ambayo haijajaribiwa iandikwe kuwa haijajaribiwa. Nitakuja na majirani zangu wa Bumbwisudi, na tutauliza maswali mengi.

Wenu katika kazi,
Mkulima wa Bumbwisudi, mkaazi wa Jang'ombe, Ng'ambo, Zanzibar